Swali Namba Nne Lisubiri

Kama kuna siri iliyowahi kuingia kwenye mgahawa wa Mama Bariki ikatoka salama, watu wa Kwa Lerionka hawaijui. Saa kumi na mbili asubuhi mtori wa ndizi unachemka, saa moja mabenchi yamejaa, na ikifika saa mbili kila mtu keshajua nani kaachika, nani kaezeka bati jipya, na kwaya gani imegombana na mchungaji wake. Mwenyewe, Agnela, aliyekuwa diwani wa kata hiyo tangu uchaguzi uliopita, alipenda kusema nyumba tupu inampa homa. Ndiyo maana hata swali lake la kwanza la maandishi kwenye Baraza la Madiwani hakulitunga chumbani. Alilitunga pale pale kaunta, kalamu mkono wa kulia, upawa mkono wa kushoto, na wateja wote wakiwa makatibu wake.

"Anza na 'kwa masikitiko makubwa'," alisema fundi cherehani.

"Masikitiko ni ya msibani. Andika 'kwa hasira'!"

"Hasira kaa nazo mwenyewe, baba. Baraza linapokea swali, halipokei ugomvi," Agnela alijibu, akamwongezea mtori ili anyamaze.

Mwishoni lilitoka hivi: Je, ni lini Halmashauri itaipatia Zahanati ya Kwa Lerionka mkunga, ikiwa chumba cha kujifungulia kina vitanda viwili, mizani na beseni, na kimefungwa kufuli tangu mkunga wa mwisho apunguzwe kazini?

Ilikuwa miaka ile ya kupunguzwa kazi. Ajira za serikali zilifungwa, watu waliambiwa wajiajiri, na wenye akili za haraka walikuwa wameshajiajiri. Maduka ya dawa yaliota kila kona ya mji, Njiro kukawa na zahanati za watu binafsi zenye feni na viti vya kuzunguka, na mitumba ikamwagwa hadi milangoni mwa makanisa. Lakini Kwa Lerionka iko nyuma kabisa ya Kwa Mrombo, ng'ambo ya korongo, na mtu wa kujiajiri kwa kuzalisha wanawake wa huko hakuwa amezaliwa bado.

Agnela hakuwa na haja ya kuambiwa maana yake. Mwaka mmoja nyuma, mwezi wa nne, Mlima Meru ukiwa umejifunika wingu tangu asubuhi, mkwe wake Lydia alishikwa na uchungu. Wakampakia kwenye pikapu ya mkaa kumkimbiza hospitali mjini. Pikapu ikazama korongoni, mchana kweupe, watu ishirini wakisukuma na matope yakiwarukia. Mtoto alizaliwa chini ya turubai, akalia mara mbili, basi. Agnela ndiye aliyekuwa ameshika turubai. Mtu anayezungumza kutwa nzima alikaa siku tisa bila kuwapa wateja wake hata umbea mmoja.

Sasa Lydia alikuwa na mimba tena, mwezi wa tisa umeingia, na mvua nazo zilikuwa zimeanza.

Swali lilipelekwa kwa karani wa vikao siku tisa kabla, kama kanuni zinavyotaka, likapewa namba nne. Ukisema kwa Mama Bariki umesema mjini. Kufika Ijumaa hata watu wa ofisi za Halmashauri walikuwa wakilijua kwa kichwa. Na Jumamosi, siku nne kabla ya kikao, Lendirova ya Halmashauri ikashuka korongoni ikinguruma, ikasimama mbele ya zahanati. Akateremka mwanamke mfupi, mnene kiasi, kajitanda mtandio wa bluu, begi moja na redio moja mkononi.

"Asalaam aleikum. Mimi Nusura. Nimeletwa kuwa mkunga wenu."

Kwa Lerionka ikalipuka. Kufuli likavunjwa, maana ufunguo ulishapotea. Akina mama wakadeki chumba mpaka sakafu ikaona haya. Agnela alimkumbatia mgeni, akamlisha, akamwonyesha Lydia, na Nusura akapitisha mikono juu ya tumbo lile kwa utulivu wa mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Kakaa vizuri," alisema. "Kichwa chini. Wiki hii hii, mama."

Usiku ule Agnela alilala kama gogo. Lakini furaha ya mnyonge haikawii kupata mgeni. Jumatatu akaingia Said mgahawani, diwani wa kata jirani, mzee wa vipindi vitatu barazani, akavuta benchi na kuagiza mtori bila kutabasamu.

"Shikamoo, mzee Said. Umesikia? Hata sijauliza, mkunga kaja! Nina mdomo wa baraka."

"Marahaba. Nimesikia. Kwani barua yake umeiona?"

"Barua ya nini? Mtu yupo, anatembea, anakula."

"Binti yangu, nikusimulie kisa cha madawati." Said alipuliza kijiko. "Mwaka juzi niliuliza: ni lini shule yangu itapata madawati? Siku mbili kabla ya kikao yakashushwa madawati sitini. Watoto wakaimba. Siku ya kikao nikasimama kifua mbele, nikaomba swali langu lijibiwe. Mkurugenzi akasoma: 'Halmashauri inapenda kuliarifu Baraza kwamba madawati sitini yapo shuleni.' Makofi! Nami nikapiga makofi. Jumatatu yake likaja lori likayapakia. Yalikuwa ya shule nyingine. Nilipolalamika wakanionyesha kumbukumbu za kikao: swali limejibiwa, limefungwa."

Agnela aliweka upawa chini.

"Huyu wako," Said aliendelea, "kaazimwa kutoka kituo cha afya cha huko juu mlimani. Nenda kamuulize."

Hakumaliza hata kufunga kanga vizuri, alikuwa ameshafika zahanati. Nusura hakumficha. Alitoa karatasi kwenye begi: ameazimwa kwa muda, hadi shughuli ya Baraza itakapokamilika.

"Mimi ni mtumishi, mama Bariki. Naitwa, naenda. Kule nako nimeacha wajawazito wanasubiri."

"Na Lydia?"

"Nikishamshika mzazi mkononi simwachi, hata waniitie polisi. Lakini akiwa bado, wataniambia mpelekeni hospitali."

Hospitali maana yake korongo. Agnela alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizolingana.

Alfajiri ya Jumatano, siku ya kikao, Lydia aliamka akishika ukuta. Wakampeleka zahanati taratibu, hatua kwa hatua, chini ya manyunyu. Nusura akampima, akaosha mikono, akatikisa kichwa.

"Njia imefunguka vidole viwili. Safari ndiyo kwanza inaanza. Labda mchana, labda jioni."

Nje, Lendirova ilikuwa imeshafika. Dereva wake, Athumani, alikuwa amekaa ndani akisikiliza redio ya mawasiliano ikikoroma.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Umemfuata nani asubuhi yote hii, mwanangu?"

Athumani aliangalia usukani. "Nimeambiwa nisubiri. Swali namba nne likishajibiwa nitaitwa redioni, nimchukue nesi na begi lake. Nisamehe, mama. Mimi naendesha tu."

Agnela alirudi ndani. Lydia alikuwa amelala ubavu, jasho usoni, macho makubwa.

"Mama, usiende."

"Nisipokwenda, mwanangu, karani ataita swali langu, mimi sipo, na diwani yeyote anaweza kusimama akaliuliza kwa niaba yangu. Likijibiwa tu, huyu mama wanamchukua. Lazima niende nikalizuie."

"Swali lako mwenyewe?"

"Langu mwenyewe. Mae! Nimezaa swali, sasa nalikimbiza nilizibe mdomo."

Lydia alicheka kidogo, kisha uchungu ukamkata kicheko.

Ukumbini hali ilikuwa mbaya kuliko alivyofikiri, maana ilikuwa nzuri mno. Kata yake yote ilikuja. Pikapu mbili zimewaleta tangu saa moja: fundi cherehani na suti yake ya harusi, wauza ndizi, wanakwaya, hata wale waliompinga kwenye kura za maoni. Walijaza viti vya wananchi nyuma ya ukumbi, wengine wamesimama, wamekuja kumwona Mama Bariki wao akimchana Mkurugenzi. Katika maisha yake yote Agnela aliomba Mungu ampe ukumbi uliojaa kama ule. Siku aliyopewa, akatamani uwe mtupu.

Swali la kwanza lilihusu josho la ng'ombe. La pili taa za barabarani. La tatu, mwenye swali aliuliza maswali mawili ya nyongeza, akaguna, akakaa. Said, aliyekaa jirani na Agnela, alimnong'oneza, "Likiahirishwa bila sababu Mwenyekiti atakataa. Jibu liko tayari. Tafuta sababu."

"Sababu gani?"

"Ningekuwa najua, ningekuwa na madawati."

"Swali namba nne," karani aliita. "Mheshimiwa Diwani wa Kwa Lerionka."

Nyuma wakaanza kupiga makofi kabla hajasimama. Mwenyekiti akagonga meza. Upande wa kulia Mkurugenzi, Bwana Sylvanus, mtu mpole wa tai na miwani, alikuwa ameshafungua kabrasha lake kwenye ukurasa wenye jibu, kidole juu ya mstari wa kwanza.

Alichotakiwa kusema Agnela kilikuwa sentensi moja: naomba swali langu sasa lipatiwe majibu. Alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya sufuria kwa wiki nzima.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "naomba swali langu lisubiri hadi kikao kijacho."

Nyuma kukasikika sauti ya mama mmoja, waziwazi kabisa: "He! Kapewa nini huyu?"

"Kimya!" Mwenyekiti aligonga. "Mheshimiwa, jibu lipo tayari. Unaahirisha kwa sababu gani?"

Bwana Sylvanus naye akainuka nusu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Ofisi yangu haioni haja. Mkunga anayedaiwa kutokuwepo yupo kituoni, anafanya kazi. Ninaweza kusoma sasa hivi."

Agnela aliwaza korongo. Akawaza turubai. Halafu likamjia jambo ambalo hulijui mpaka uwe umeuza chakula miaka kumi na minne: mteja anayelalamika unaweza kumfukuza, lakini mteja anayekusifia mbele ya watu huna pa kumpeleka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Mkurugenzi anasema kweli tupu," alisema, sauti ikaanza kupata nguvu zake za kaunta. "Mkunga yupo. Tumemwona kwa macho, tumemlisha chapati. Sasa mimi sitaki Baraza lako tukufu lisikie habari za mtu wa siku nne. Mtu wa siku nne utamsifia nini? Hata gunia la unga halijafika nusu! Naomba nipewe miezi mitatu, nihesabu watoto wote watakaopokelewa na mkunga huyu, mmoja mmoja, jina na uzito, nije nao hapa niusome ule wema wote wa Mkurugenzi mbele ya Baraza. Mtu akitenda jema, Mheshimiwa Mwenyekiti, asifiwe kikamilifu. Asipunjwe."

Said akaanza kupiga makofi. Madiwani wawili wakafuata, halafu watano, halafu wote, maana hakuna anayetaka kuonekana amekataa kumsifia Mkurugenzi. Bwana Sylvanus alibaki amesimama nusu, si juu si chini, kidole bado kwenye mstari wa kwanza.

"Mkurugenzi," Mwenyekiti aliuliza, macho yakicheka, "una pingamizi la kusifiwa?"

"Sina, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Bwana Sylvanus, akakaa.

"Swali namba nne litasubiri. Karani, namba tano."

Wenzake wa Kwa Lerionka hawakuelewa. Alipotoka nje wakati wa chai, fundi cherehani alimgeuzia mgongo, na wanakwaya walikuwa wakisemezana kwa vichwa vilivyokaribiana. Alijua wanasema nini, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha kusema. Ilimuuma kama moshi wa kuni mbichi. Lakini hakusimama kujieleza. Said alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Panda, binti. Shika kanga isije ikaingia kwenye mnyororo."

Langoni Bwana Sylvanus aliwakuta. Alivua miwani, akaifuta.

"Mheshimiwa, umenifunga."

"Nimekufungaje, baba, nami nimekusifu?"

"Ndivyo ulivyonifunga," alisema, na Agnela angeapa kwamba kidogo alitabasamu.

Walivuka korongo kwa kusukuma pikipiki. Viatu vya kikao vya Agnela vilibaki kwenye matope, hakuvirudia. Alipokaribia zahanati aliona kwanza pale Lendirova ilipokuwa: hapakuwa na kitu ila alama za matairi. Akakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, kanga mkononi, akausukuma mlango kwa bega.

Nusura alikuwa kwenye beseni, ananawa.

"Polepole, mama, utanivunjia mlango. Kufuli mlishavunja."

"Gari liko wapi?"

"Lilirudi tupu. Dereva kaitwa redioni: swali halijajibiwa, nesi abaki."

"Na Lydia?"

Nusura alimwonyesha kitanda cha pili kwa kidevu. Lydia alikuwa ameegemea mto, kachoka, kapauka, na juu ya kifua chake kulikuwa na kifurushi cha kitenge kinachotoa sauti. Haikuwa mara mbili tu, basi. Kililia, kikapumzika, kikalia tena, kikaendelea, kwa hasira, kama mtu aliyepunjwa kwenye foleni.

"Kilo tatu na robo," alisema Nusura. "Msichana. Ana mapafu ya diwani."

Agnela alikaa sakafuni pale pale, matope na yote. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, na Lydia juu ya kitanda akafanya hivyo hivyo, mpaka Nusura akawaambia wote wawili kwamba ile ni zahanati, siyo jumuiya ya maombi. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa pikapu, kitu fulani kilichokuwa kimebana mbavuni mwa Agnela kilijilegeza chenyewe, polepole, kama kamba ya mzigo uliofika.

Jioni mgahawa ulijaa. Said ndiye aliyewaeleza, kwa kuwa Agnela alikuwa anapika mtori wa mzazi na hakutaka kuuacha. Alianza na madawati akamalizia na barua ya kuazima. Fundi cherehani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaja jikoni.

"Mama Bariki, nilikugeuzia mgongo."

"Niliuona. Suti imechanika nyuma, kaishone."

Miezi mitatu ni mirefu ukiwa na swali linalosubiri. Mara mbili ilisemekana nesi anarudishwa. Mara mbili mtu fulani ofisini alikumbusha kwamba swali namba nne bado liko wazi, na kwamba diwani yule anahesabu. Na kweli alihesabu. Daftari la oda aligeuza ukurasa wa nyuma, akaandika majina na uzito, na wateja walikuwa wakiuliza "tumefika wangapi?" kabla ya kuuliza bei ya supu. Kule mlimani nako walikuwa wakipiga kelele wanamtaka mkunga wao. Bwana Sylvanus, akiwa amebanwa huku na huku, akafanya kile ambacho kingepaswa kufanywa tangu mwanzo: akaandika mkoani, mkoa ukaandika wizarani, na kibali cha mkunga mmoja wa ziada, wa kwenda mlimani badala ya Nusura, kikapatikana. Kila mtu alishangaa, na yeye mwenyewe zaidi ya wote.

Siku ya kikao, karani aliita swali namba nne, na ukumbi mzima ukaanza kucheka kabla Agnela hajanyanyuka. Hata Mwenyekiti alifunika mdomo kwa kabrasha.

"Mheshimiwa, lisubiri tena?"

"Itategemea, Mheshimiwa Mwenyekiti. Naomba kwanza nione barua."

Bwana Sylvanus aliipitisha mkono kwa mkono, diwani hadi diwani, mpaka ikamfikia. Agnela aliisoma bila haraka. Akaisoma tena. Nusura, muuguzi mkunga, anahamishiwa Zahanati ya Kwa Lerionka, uhamisho wa kudumu. Hakukuwa na neno kuazimwa. Hakukuwa na neno muda. Mhuri ulikuwepo, sahihi ilikuwepo. Akampa Said naye aisome, maana macho manne hayadanganywi. Said akaisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Naomba swali langu sasa lipatiwe majibu," alisema Agnela.

Jibu lilikuwa la mstari mmoja. Baada yake Agnela akafungua daftari na kusoma watoto ishirini na sita, jina kwa jina, gramu kwa gramu, na kwa kila jina, nyuma ya ukumbi kuna mama aliyepiga kigelegele. Mkurugenzi alisifiwa mpaka masikio yakamwiva.

"Swali la nyongeza?" Mwenyekiti aliuliza, akijiandaa kwa lolote.

Watu walingoja. Walimjua. Mwanamke yule hajawahi kukosa la kuongeza tangu wamfahamu.

"Sina, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema. Akakaa, akavua viatu chini ya meza, akanyoosha miguu hadi mwisho, akamwambia Said asogee kidogo.